Ganzi ya Msusi Ina Mwajiri

Pita saluni za Mwananyamala, Tandika au Mbagala Rangi Tatu wiki ya kuelekea Idi. Wasusi wamesimama tangu asubuhi: wanagawa nywele, wanavuta, wanasokota, wanakaza, kichwa kwa kichwa, mpaka usiku. Wakilala, saa nane wanaamka wakikung'uta mkono. Dole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Wanaambiwa ni baridi, wanachua kwa dawa, asubuhi wanarudi kusuka.

Si baridi! Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, mifupa chini, utepe mgumu juu, na humo hupita kano za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kazi isiyo na pumziko huvimbisha njia hiyo, mshipa ukabanwa. Kidole cha mwisho husalimika kwa kuwa mshipa wake hupita kwingine. Ukiwahi, kibao cha kunyoosha kifundo usiku na kupunguza kazi huweza kutosha. Ukichelewa, nyama ya chini ya dole gumba hunyauka, na hata upasuaji huenda usirudishe nguvu yote. Ujauzito na kisukari navyo huchangia, lakini mwenye saluni asijifiche humo.

Shirika la Kazi Duniani liliuingiza ugonjwa huu wa kubanwa mshipa kifundoni katika orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010. Hapa kwetu Tanzania upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anaouchangia mwajiri bila kumkata mfanyakazi hata senti. Wasusi wangapi wameandikishwa? Mwenye saluni atakujibu: "Huyu sijamwajiri, tunagawana tu."

Uongo! Saa ya kufungua umepanga wewe, kiti chako, bei yako, na fungu lako unachukua kila kichwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, akiwa anaelekezwa kazi, au anapangiwa saa, au anapewa vifaa. Moja tu linatosha.

Maafisa kazi, ingieni saluni hizo na sheria hiyo mkononi. Nawe dada msusi, ganzi ikianza kukuamsha usiku usiizoee. Nenda hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, mweleze daktari unasuka saa ngapi kwa siku, na umwombe aiandike kazi yako kwenye faili.