Shoka na Mpini Wake

 

Mapema mwaka huu, baada ya darasa la alasiri, alitujia mama mmoja pamoja na mwanawe wa kiume. Kijana huyo miguu yake haina nguvu tangu utotoni, naye hutembea kwa magongo. Ni fundi wa simu, na kibanda chake kiko mbali na nyumbani. Kila siku hulipa bodaboda asubuhi na jioni. Na siku ya mvua, au siku ambayo hakuna mwenye pikipiki anayetaka kujisumbua na magongo yake, kazi hulala. Mama alituomba tumwandikie barua ya kuomba ruzuku ya pikipiki iliyotengenezwa kwa hali yake.

Tuliandika. Nasi twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba tuliandika vibaya. Tulijaza ukurasa mzima kwa maneno ya huruma: mnyonge, maskini, asiye na mbele wala nyuma. Barua ikarudi na maswali matatu. Kitambulisho chake cha ulemavu ki wapi? Ni chombo gani hasa, na kitabadilishwa nini? Gharama ya fundi ni kiasi gani? Hatukuwa na jibu hata la swali moja. Kijana aliposoma nakala ya barua ile, alitwambia kwa adabu: "Shekhe, mumeniandikia kilio. Mimi nilitaka kazi."

Neno lake lilitukumbusha kisa kilichosimuliwa katika Sunan ya Abu Dawud. Mtu katika Ansari alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuomba msaada. Akaulizwa kama nyumbani mwake hamna kitu. Akasema mna tandiko na bakuli. Mtume akavinadi mbele ya sahaba, vikauzwa kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha watu wake, na moja ya kununua shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, kisha akamwagiza yule mtu akakate kuni. Baada ya siku 15 alirudi na dirhamu kumi.

Kisa hiki twakisoma miaka nenda miaka rudi, wala hatukuwahi kuuzingatia ule mpini. Chuma peke yake hakikati kuni. Vivyo hivyo, pikipiki kama itokavyo dukani, kwa mtu asiyeweza kutumia miguu yake, ni shoka lisilo na mpini. Gia hubadilishwa kwa mguu wa kushoto, breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia, na chombo kikisimama ni miguu inayokizuia kisianguke. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoingia: breki ya nyuma huletwa mkononi, gia huungwa na kishikio cha mkono, magurudumu mawili hutiwa nyuma ili chombo kisimame chenyewe, na hutengwa pahali pa magongo au kiti cha magurudumu. Skuta isiyo na gia, ambayo breki zake zote mbili ziko mkononi, hupunguza kazi hiyo. Na tuktuk tunazopanda kila siku, nyingi zina klachi na gia katika usukani wenyewe. Kilichobaki mguuni ni breki.

Kwa hivyo mwenye kuomba na aanze kwa kujua mpini wake. Amwendee fundi amtazame: mkono upi una nguvu, mgongo wataka kuegemezwa au la, atapandaje na atashukaje. Fundi na aandike makadirio ya bei, na gharama ya chombo iwe mbali na gharama ya kukibadilisha.

La pili ni kitambulisho cha ulemavu. Hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya mtu kupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Ndicho kinachoulizwa kwanza, na wengi wetu hatuna, kwa kuwa wazee wetu waliona haya kumwandikisha mtoto. Baraza hilo ndilo husaidia kwa vifaa saidizi na vifaa vya kazi, na hutoa ruzuku kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mwombaji na aulize mapema ni msaada upi unaolingana na haja yake, asije akaomba mlango usiokuwa wake.

La tatu ni leseni. Katika madaraja ya leseni za Kenya, daraja F limewekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Chombo kikishabadilishwa, mabadiliko yaandikishwe kwa NTSA na bima iarifiwe, kwani ajali haingoji karatasi.

Barua yenyewe iwe fupi: mimi ni nani, nafanya kazi gani, nauli yanigharimu kiasi gani kwa mwezi, chombo kitabadilisha nini katika maisha yangu, fundi ni nani, na nani atakitengeneza kikiharibika. Wala asiandike kama mwenye kunyoosha mkono njiani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake, na haki ya kupata vifaa vya kuyashinda mazuio ya ulemavu wake. Adaiye haki hana haja ya kujidhalilisha.

Na sisi je, tungoje serikali peke yake? Katika madhehebu yetu ya Kishafi, Imamu Nawawi ameeleza katika Al-Majmu' kwamba fakiri au maskini mwenye kazi ya mikono hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za kazi yake, ziwe za bei ndogo au kubwa. Huenda ruzuku ikapatikana ya chombo na ikapungua ya fundi. Hapo zaka ya mtaa mmoja yaweza kuwa ndiyo mpini.

Lakini zaka ni lazima imilikiwe na aliyepewa. Tumepata kuona pikipiki iliyochangwa kwa ajili ya kijana mlemavu ikaandikwa jina la kaka yake, na baada ya miezi michache ikawa ni bodaboda ya kaka, mwenyewe akabaki barazani akiitazama ikipita. Hiyo ni khiyana, hata ikifanywa ndani ya nyumba moja. Chombo na kiandikwe jina la mwenyewe, akiwa ni mwanamume au mwanamke.

Nanyi mama zetu, twajua mapenzi yenu ndiyo yanayowaogopesha. Mwamwona mtoto barabarani peke yake, na moyo watetemeka. Lakini Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, alikuwa mwadhini wa Mtume na aliachiwa Madina aiangalie Mtume akiwa safarini. Hakufungiwa ndani. Mpimeni mtoto, mwandikisheni, mumfunze kazi, kisha mumwache atoke.

Barua ya pili ya kijana wetu imekwenda. Aliiandika mwenyewe, sisi tulisahihisha nukta tu. Jibu halijaja. Wakati huu, waumini watatu wa msikitini kwetu wametenga sehemu ya zaka yao kwa kazi ya fundi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu alete la kheri.

Wabillahi tawfiq.