Mstari Mmoja Katika Kitabu cha Wafu

Wafiwa wengine hunung'unika karani akiwauliza, "Marehemu amezikwa wapi hasa?" Basi sikilizeni habari hii.

Mji wa Tucson uko jangwani, Arizona, Marekani. Ngome iliyouzaa iliwekwa mwaka 1775. Lakini mwaka 1692 Padre Eusebio Kino, Mjesuiti, alikwisha fika kwa watu wa O'odham, kijijini Bac, karibu na hapo. Alisafiri sana kwa farasi, akaandika habari za nchi ile na kuichora ramani.

Alifariki mwaka 1711 huko Magdalena, upande wa Mexico. Kanisa dogo alimozikwa likabomoka, na kaburi likapotea kabisa. Ila padre mwenzake, Agustín de Campos, alikuwa ameandika katika kitabu cha wafu kanisa gani, na tena upande gani: upande wa Injili, yaani kushoto ukielekea altare. Mimi humsifu Campos kuliko wachimbaji! Mwaka 1966 wataalamu waliyatumia maandishi hayo, wakachimba, wakaikuta mifupa, baada ya miaka 255. Hata leo wasafiri huenda Magdalena kuitazama.