Mpangilio wa Pini Usifanywe Siri

Mashine ya michezo ya mkononi iitwayo Game Boy, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1989, ina pini 32 mahali katriji ya mchezo inapochomekwa. Kwa macho pini hizo ni sawa zote. Kwa kazi hazifanani. Ya kwanza huleta umeme wa volti 5 na ya mwisho huurudisha. Pini 16 hutaja anwani, yaani mahali panaposomwa katika kumbukumbu, na kwa hizo zaweza kutajwa anwani 65,536. Nane hupitisha data zenyewe. Miongoni mwa zilizosalia zimo za amri ya kusoma na kuandika, na hata moja ya sauti, ambayo michezo karibu yote haikuitumia.

Jedwali la kazi hizo mnunuzi hakupewa. Wapenda elektroniki walilipata wenyewe kwa kufuata njia za umeme na kupima pini baada ya pini, kisha wakalieneza. Haikustahili kuwa hivyo.

Michezo mingi iliweka maendeleo ya mchezaji katika kumbukumbu inayolishwa na betri ndogo iliyomo ndani ya katriji. Betri ikifa, kumbukumbu hufutika. Fundi ajuaye pini aweza kuyanakili yaliyomo kabla ya kubadili betri. Asiyejua hubahatisha, na kubahatisha huunguza. Hata waya wa kuunganisha mashine mbili una mtego wake: pini ya kutuma ya upande mmoja sharti iende kwenye pini ya kupokea ya upande wa pili. Aunganishaye ya kutuma kwa ya kutuma hupata mashine mbili zisemazo pamoja, wala hakuna isikiayo.

Umbo nalo halitoshi kuwa mwongozo. Game Boy Advance ya mwaka 2001 ina pini 32 vilevile, lakini katriji zake hutumia volti 3.3, na baadhi ya pini hubadili kazi kwa zamu: mara anwani, mara data. Swichi ndogo huitambua katriji ya zamani kwa umbo lake, ndipo hutolewa volti 5.

Huenda ikasemwa kwamba siri huwazuia waigaji. Mwigaji ana karakana, na faida humsukuma kupekua. Tena katika Game Boy kinga ilikuwa kwingine: ilipowashwa ilikagua alama ya Nintendo iliyohifadhiwa ndani ya katriji. Aumiaye kwa siri ya pini ni fundi wa kawaida. Yafaa sheria zidai jedwali hilo katika kijitabu cha kila kifaa; la pini 32 halijazi hata ukurasa mmoja.