Mtoto Apewe Chakula, Asihukumiwe Mwili



Katika familia zetu na katika vikundi vyetu vya parokia, maneno juu ya mwili wa mtu husemwa kwa urahisi mno. Msichana mnene hupewa jina la utani. Mwembamba huulizwa kama kwao kuna njaa. Wanaosema hudhani wametania tu, lakini aliyeambiwa huenda na neno hilo hadi mezani. Mmoja huanza kuacha chakula cha jioni; mwingine hutafuta dawa ya kumnenepesha. Ndiyo maana tunapenda kusema wazi: watoto na vijana wafundishwe kula vizuri, wala wasifundishwe kuuonea haya mwili wao.

Wengine watatujibu kwamba habari hizi ni za nchi zilizoshiba. Ni kweli, shida yetu ya kwanza ni upungufu: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa miaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto zaidi ya 4 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini jambo hilo latuongezea wajibu. Palipo na chakula haba, kijana anayekua asiache hata kile kidogo anachokipata kwa sababu ya mzaha wa wenzake. Tena anavutwa pande mbili: kwenye simu husifiwa wembamba, kwenye sherehe za ukoo husifiwa unene.

Kutokana na hayo, katika miji yetu kuna wasichana wanaonunua vidonge vya kuongeza mwili bila kumwona daktari. Mara nyingi ni deksametasoni au siproheptadini. Ya kwanza ni dawa kali. Ikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari, kudhoofisha mifupa, na kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Ya pili hutibu mzio, nayo huleta usingizi mzito. Mashavu yanayojaa kwa njia hiyo si dalili ya afya.

Tunawaomba pia msichanganye mfungo na kupunguza mwili. Huenda kijana akasema wakati wa Kwaresima kwamba anafunga, kumbe anatafuta kiuno chembamba. Sheria ya Kanisa yenyewe huangalia umri: kwa kanuni ya 1252, wajibu wa kufunga huwapasa waliotimiza miaka 18, na wajibu wa kuacha nyama huwapasa waliotimiza miaka 14. Ikiwa Kanisa, linalojua thamani ya mfungo, halikuwatwika watoto mzigo huo, sisi ni nani hata tuwatwike mfungo usio na sala wala sadaka?

Basi mzazi, kaka au dada mkubwa afanye nini? Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, alipendekeza mgawanyo wa kazi ulio rahisi kukumbuka: mkubwa huchagua chakula gani kiandaliwe, saa ngapi na mahali gani, mtoto huamua kama atakula, na kiasi gani. Mtoto mwenye afya huzaliwa akijua njaa na shibe. Tunamharibia ujuzi huo tunapomlazimisha kumaliza sahani kwa vitisho, au tunapomwahidi pipi akimaliza mboga. Hapo hujifunza kwamba mboga ni adhabu na sukari ni zawadi. Akikataa chakula kigeni leo, kirudishwe mezani siku nyingine bila ugomvi. Pengine atahitaji kukionja mara kumi au zaidi ndipo akizoee. Na watoto wengi wanapokula sahani moja, mkubwa aangalie mdogo asibakiwe na ugali mtupu. Hawezi kuamua kiasi chake ikiwa wenye mkono mwepesi wamekwisha kumaliza samaki.

Wala hatuhitaji vyakula vya gharama kubwa. Sombe, lengalenga, maharagi, viazi, karanga, mapapai na maparachichi hupatikana sokoni kwetu. Sambaza wa Ziwa Kivu, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa wazima pamoja na mifupa yao. Hivyo humpa mtoto protini na kalsiamu kwa pamoja. Msichana aliyeanza hedhi huhitaji madini ya chuma zaidi, na maharagi yakiliwa pamoja na pera au chungwa mwili wake hupokea madini hayo vizuri zaidi. Soda moja ya mililita 330 huwa na gramu 35 hivi za sukari. Hatumkatazi mtu kuinywa siku ya sikukuu; lakini isichukue nafasi ya maji wala ya chakula cha asubuhi.

Kwa vikundi vyetu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuache kabisa utani juu ya mwili wa mtu. Hata sifa ya kwamba fulani amepungua au amenenepa tuiache. Pili, siku za safari na za mafungo ya kiroho, viongozi waandae chakula kamili kwa saa yake, badala ya kuwashindisha watoto na biskuti. Tatu, mwenzetu akianza kuruka chakula siku nyingi, kujitapisha kwa siri au kumeza vidonge, tusimtangaze. Mtu anayemwamini azungumze naye faraghani, amsaidie kuwaeleza wazazi, na amsindikize kwa muuguzi wa kituo cha afya.

Mwinjili Marko anasimulia habari ya binti wa Yairo, aliyekuwa na umri wa miaka 12, umri wa wengi katika vikundi vyetu. Alipofufuliwa na watu kushangaa, Yesu ndiye aliyekumbuka kwamba mtoto huyo apaswa kula, akaagiza apewe chakula. Nasi tuwatendee hivyo wadogo wetu, kuanzia meza ya leo jioni.