Tuwadhamini wanawake wanaoacha kujiuza

Mhariri,

Kila ukifanyika msako wa dada poa hapa Dar es Salaam, tunaonyeshwa wanawake waliojifunika nyuso kwa kanga. Wanaume waliokuwa nao hatuwaoni. Wanawake hao wakishaachiwa, nani anauliza watakula nini?

Mimi ni fundi cherehani, Tandale. Dada mmoja aliyeachana na kazi hiyo alijifunza kushona kwangu. Leo anakunja marinda ya sketi za shule yakalala sawasawa, mstari kwa mstari. Lakini kikoba cha mtaani kilimkataa, eti hana mdhamini, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kuna wateja waliochukua vitambaa vyao walipomtambua. Iliniuma sana.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Maofisa maendeleo ya jamii wawafuate wanawake wanaoacha kujiuza walipo, wawasaidie kusajili kikundi. Nasi akina mama wa vikoba tukubali kuwadhamini. Wa kwangu nimeshamwekea saini.

Fundi cherehani,
Tandale, Dar es Salaam