Kiharusi: Tuulize kwanza, ndipo tuuze minazi

 

Mzee akipooza upande mmoja hapa kwetu Sudi, jamaa hugawanyika makundi mawili. La kwanza husema ni jini au upepo mbaya, likakimbilia kwa mganga. La pili, hasa vijana walioko Dar es Salaam, hupiga simu kusema kuna tiba ya kuzibua mshipa wa shingo huko India, basi mikorosho na minazi iuzwe, mzee asafirishwe. Kundi la kwanza limeshasemwa sana mimbarini. Leo tuseme na hili la pili.

Tuielewe kwanza tiba yenyewe. Shingoni tuna mishipa mikubwa, mmoja kulia na mmoja kushoto, inayopeleka damu kwenye ubongo. Kwa umri, presha, kisukari na sigara, mafuta hugandamana ndani ya mshipa na njia ikawa nyembamba. Daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi shingoni, hupanua pale palipobana, kisha huacha hapo kimirija cha wavu wa chuma kiitwacho stenti. Wengi wetu tumesikia habari za stenti za moyo kule Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Hii ni ndugu yake, ila hatari yake ni nyingine, kwa kuwa chembe ikichomoka shingoni hupanda moja kwa moja kwenye ubongo.

Na hapo ndipo penye jambo lisilosemwa barazani: tiba hii ya kuzuia kiharusi yaweza yenyewe kuleta kiharusi. Madaktari huweka kichujio cha kunasa chembe, lakini baadhi hupenya. Mshipa unapopanuliwa, mapigo ya moyo yaweza kupungua ghafla na presha ikashuka sana. Wengine, damu ikishafunguliwa njia, hufurika kwenye ubongo na kuvuja. Na mgonjwa akiacha mapema dawa za kuzuia damu kuganda, stenti yaweza kuziba.

Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliotangazwa mwaka 2010, ulilinganisha stenti na upasuaji wa kusafisha mshipa kwa wagonjwa 2,502. Katika siku za mwanzo, waliopata kiharusi walikuwa kama 4 katika kila 100 waliowekewa stenti, na kama 2 katika kila 100 waliopasuliwa. Kwa shambulio la moyo ilikuwa kinyume: kama 1 kwa stenti na 2 kwa upasuaji. Wenye umri wa zaidi ya miaka 70 walielekea kunufaika zaidi na upasuaji. Na hao walikuwa mikononi mwa mafundi waliochujwa.

La kukumbuka zaidi ni hili: stenti haimrudishii mzee mkono uliokwisha kupooza. Kazi yake ni kuzuia kiharusi kinachofuata. Humfaa hasa aliyepata kiharusi kidogo kilichopita, mshipa wa upande unaohusika ukaonekana umebana zaidi ya nusu, hususan asilimia 70 na kuendelea, tena ahudumiwe mapema, ndani ya wiki 2 ikiwezekana. Anayefikishwa miezi mingi baadaye, akiwa kitandani, huenda akapata gharama na hatari bila faida.

Hatusemi tiba hii ni mbaya. Mtume (SAW) ametuhimiza tujitibu. Tunasema mali ya familia ni amana, nayo ndani yake mna haki za watoto na wajane. Basi kabla ya kuuza mti mmoja, muulizeni daktari: Je, mshipa umepimwa, na umebana kiasi gani? Ndio uliosababisha kiharusi hiki, au ni damu iliyovuja kwa presha? Kwa nini stenti na si upasuaji, au dawa peke yake? Katika wagonjwa wako 100, wangapi hupata madhara? Dawa za baadaye tutazipata wapi? Daktari mwema hatakasirika.

Kwani kwetu adui mkubwa ni presha. Watafiti waliohesabu viharusi vipya kati ya 2003 na 2006 walikuta Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri, kama watu 316 katika kila 100,000 kwa mwaka, na wilaya ya Hai kama 109. Presha hupimwa kwa dakika chache, na dawa zake humezwa kila siku hata mtu akijisikia mzima. Ng'onda na papa wa chumvi tuwapunguze. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Sigara na ugoro tuviache.

Na dalili tunaweza kuziona katika ibada zetu wenyewe. Mtu anatawadha alfajiri, anasukutua, maji yanamwagika upande mmoja wa mdomo. Anainua mikono kwa takbira, mmoja unashuka. Anatamka shahada, ulimi unakuwa mzito. Hata dalili zikipotea baada ya dakika 10, hilo ni onyo. Andikeni saa zilipoanza, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya mkoa ya Sokoine ipo Lindi mjini. Msimpe aspirini kabla hajapimwa, maana huenda damu inavuja. Msomeeni Qur'an, lakini msimnyweshe kombe wala maji ya Zamzam wakati koo limelegea, yasije yakaingia mapafuni.

Michango tunayochangishana msikitini kumsafirisha mgonjwa mmoja ingeweza kununua mashine ya kupimia presha, ikakaa msikitini, kila Ijumaa baada ya swala wazee na mama zetu wakapimwa. Sudi tuanze na hilo. Kutawakali kwa Allah ni pamoja na kumfunga ngamia.