Ziwa Nalo ni Mila Yetu

Katika mikutano juu ya mila, mara nyingi tunasikia wazee wengine wakisema: « Mila iko ya ku mulima. Kalundu iko mambo ya bageni. » Maneno hayo tunayapinga, na hapa tunatoa sababu.

Kwanza, tuangalie sahani. Muhogo na mahindi tunavyoviita chakula cha babu vilitoka Amerika. Meli za Wareno zilivivusha bahari, kisha vikapita mkono kwa mkono mpaka kwetu. Kiswahili hiki nacho kilifika na misafara ya pwani, kupitia Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858, biashara ilikwisha kuwatangulia: pembe za ndovu, na aibu yake, watumwa. Pembe zile zilishuka hadi Unguja, zikapakiwa melini, zikawa piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Amerika. Basi mtu asituambie eti dunia ilitufikia juzi!

Pili, mji haukui kwa sababu ya kukaa kando ya maji tu. Unakua pale mzigo unaposhuka chombo kimoja na kupanda kingine, maana hapo ndipo wapagazi, ghala, mafundi na mama wauza chakula wanapata kazi. Ujiji lilikuwa soko kubwa. Reli ya Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, Ujiji ikabaki nyuma. Kalemie, wakati ule Albertville, ilipanuka tangu reli ilipofika mwaka 1915. Na sisi? Reli ndogo ya kutoka Kalundu hadi Kamanyola ilikufa hata kabla ya uhuru, na wengi wetu hatukuwafundisha watoto kama iliwahi kuwako.

Sasa Uvira imejaa watu, lakini wengi wameletwa na vita vya milimani na uwandani, si na mzigo wa bandari. Wanajenga wanapopata nafasi: kando ya mto, kando ya ziwa. Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua watu wengi na kubomoa nyumba. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda likaingia katika nyumba. Mji unaokua bila kazi unasukuma maskini wake ndani ya maji, njo vile.

Kuna atakayejibu: « Lakini bandari ilileta utumwa, kodi na kolera. » Ni kweli, hatukatai. Lakini tukiupa mlango mgongo, mlango haufungwi; wengine watasimama pale kutoza na kuchagua kinachoingia. Babu zetu waliovuka kwenda Ujiji walijua bei, walijua pepo, walijua nani wa kuaminiwa. Ujuzi ule ni mila sawasawa na ngoma na mahari.

Kwa hiyo tunawaomba waami na wakubwa wa mji wahesabu bandari ya Kalundu kati ya mali ya jamii, waidai itunzwe, na vijana wetu wapewe kazi pale. Walimu wenzetu, tupeleke wanafunzi kwa wavuvi na mabaharia wazee, waandike majina ya pepo, ya mitumbwi na ya vituo vya zamani. Wazee hao wanaondoka kila mwaka, na hatuna kitabu kingine.